Donda Ndugu na Kazi ya Dresa: Historia ya Vidonda Sugu katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

Neno sugu katika Kiswahili lina maana ya kwanza inayofahamika kwa kila aliyeshika mpini wa jembe au wa sururu, nayo ni ile ngozi ya kiganja iliyosuguliwa siku baada ya siku mpaka ikawa ngumu na isiyohisi. Kutokana na maana hiyo zimechipuka nyingine mbili zinazotumika sana katika tiba ya leo: kidonda sugu, ambacho ni kidonda kilichopitisha wiki sita hivi bila kuonesha dalili ya kufunga, na bakteria sugu, ambao ni viumbe wa seli moja wasioonekana kwa macho, waliojizatiti dhidi ya antibayotiki, yaani dawa zilizokusudiwa kuwaua au kuwazuia wasizaliane. Kabla istilahi hizo hazijaingia katika vitabu, wazungumzaji wa Kiswahili walikuwa na jina lao wenyewe, donda ndugu, walilolipa lile donda linalochimba nyama, linalotoa harufu na linalokataa kupona, na jina hilo lingali likisikika Shinyanga, Kahama na Geita mgonjwa anapofunua mguu wake mbele ya mhudumu.

Insha hii inafuatilia historia ya donda hilo katika ukanda unaoanzia mbuga za Shinyanga, ukapita Kahama na Bukombe, hadi vilima vya dhahabu vya Geita kusini mwa Ziwa Viktoria. Hoja yake ni moja. Katika ukanda huu kila dawa mpya ya kidonda ilifika ikiwa na nguvu kubwa, lakini mara nyingi ilipokewa kana kwamba inaondoa haja ya kazi ya mikono, yaani kuosha kidonda, kukifunga, kukipumzisha na kukikagua, na kila kazi hiyo ilipoachwa, dawa nayo haikuchukua muda mrefu kupoteza nguvu zake. Kwa sababu hiyo historia ya usugu wa bakteria haiwezi kuelezwa kwa kuhesabu dawa peke yake, bali lazima ieleze pia habari za watu waliozishika dawa hizo, na wa kwanza miongoni mwao ni mfunga vidonda, aliyejulikana wakati wa ukoloni kwa jina la dresa.

Ardhi na majeraha yake

Wasukuma wa Shinyanga, Wasumbwa wa Kahama na Bukombe, na Wazinza wa Geita waliishi kwa jembe, ng'ombe na chakula cha msimu, na maisha hayo yaliufanya mguu kuwa kiungo kinachoumia kuliko vyote. Miiba ya migunga, visiki vya mashamba mapya, kwato za ng'ombe na meno ya nyoka viliacha majeraha chini ya goti, mahali ambapo damu hurudi juu kwa taabu na ambapo vumbi na tope havikosekani. Jamii hizo zilikuwa na tiba zake, na miongoni mwa Wasukuma kulikuwa na waganga, bafumu, pamoja na chama cha bayeye, wacheza nyoka waliorithishana ujuzi wa dawa za sumu ya nyoka. Kidonda kilioshwa kwa maji yaliyochemshiwa magome, kikapakwa unga wa mizizi, samli au asali, na sayansi ya karne ya 20 imethibitisha kwamba asali ina uwezo halisi juu ya kidonda, kwa kuwa sukari yake nyingi huwanyonya bakteria maji, uchachu wake huwazuia kukua, na asali nyingi zikichanganyika na majimaji ya kidonda huzalisha haidrojeni peroksaidi, kemikali ileile inayouzwa madukani kwa kusafishia majeraha. Hata hivyo, asali hufanya kazi pale tu inapopakwa upya mara kwa mara juu ya kidonda kilichosafishwa, na kwa hiyo tiba hiyo ya zamani, hata pale ilipokosea juu ya chanzo cha ugonjwa, ilimdai mgonjwa awe na mtu wa kukishughulikia kidonda chake.

Utawala wa Kiingereza ulileta mabadiliko yaliyogusa ardhi yenyewe. Mwaka 1929 Idara ya Utafiti wa Mbung'o ilianzishwa ikiwa na makao yake Shinyanga chini ya Charles Swynnerton, na vita dhidi ya mdudu huyo anayeeneza malale na nagana vilipiganwa kwa shoka, kwani vichaka vilifyekwa katika maeneo makubwa ya Usukuma ili mbung'o akose kivuli cha kuishi. Ng'ombe na watu walipata nafasi, lakini miti mingi, ikiwemo ya dawa, ilitoweka, na ilikuwa mpaka mwaka 1986, ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ndipo desturi ya Kisukuma ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa kwa msimu, ilipopewa nguvu mpya na miti hiyo ikaanza kurudi.

Dresa, sindano na buba

Huduma ya kwanza ya serikali iliyomfikia mwanakijiji wa ukanda huu kwa wingi ilikuwa huduma ya vidonda. Mwaka 1926, wakati Gavana Donald Cameron alipokuwa akiweka mfumo wa kutawala kupitia watemi na machifu, mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika, John Owen Shircore, alianzisha mpango wa zahanati ndogo zilizogharimiwa na hazina za tawala hizo za wenyeji. Mhudumu wake alikuwa kijana wa palepale, aliyejua kusoma na kuandika, aliyefundishwa kwa muda mfupi katika hospitali ya wilaya na kurudishwa kwao akiwa na sanduku la dawa chache. Kazi yake ilikuwa ya kurudiarudia na isiyo na sifa: kuloweka bandeji iliyogandamana na usaha, kuibandua polepole ili nyama changa isitoke nayo, kuosha donda kwa maji yaliyotiwa pamanganeti hadi yakawa ya zambarau, kuondoa nyama iliyokufa, kulifunika kwa gozi safi, kisha kumwambia mgonjwa arudi. Dresa hakuwa na dawa inayoua bakteria ndani ya mwili, lakini alikuwa na ratiba, maji na macho, na kwa hayo matatu vidonda vingi vilifunga.

Adui mkubwa wa zahanati hizo katika sehemu zenye joto na unyevunyevu za Tanganyika alikuwa buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa unaosababishwa na bakteria aliyejisokota kama parafujo, wa jamii moja na yule wa kaswende, ambao huenea kwa mguso na huwashika zaidi watoto. Katika miaka ya 1920 idara ya tiba ilifanya kampeni kubwa za sindano za bismathi, na matokeo yake yaliwashangaza watu, kwani vidonda vilivyokaa miezi vilianza kukauka ndani ya siku chache. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia penisilini ilichukua nafasi ya bismathi, na kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni iliyotibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46, ambapo sindano moja tu ya penisilini ya kudumu mwilini ilitosha kumponya mgonjwa.

Ushindi huo ulikuwa wa kweli, na watoto wengi waliokolewa wasiharibike nyuso na miguu, lakini uliacha imani iliyoishi kuliko ugonjwa wenyewe, nayo ni kwamba kidonda chochote ni kazi ya sindano. Buba ilipona kwa sindano moja kwa sababu ilikuwa maambukizi ya bakteria mmoja aliyekuwa dhaifu mbele ya penisilini, lakini donda la mguu lililotokana na jeraha, njaa na uchafu lina wakazi wa aina nyingi na sababu zaidi ya moja, na mgonjwa aliyeona buba ikiyeyuka hakuwa na namna ya kuijua tofauti hiyo. Hata buba yenyewe haikubaki mnyonge daima, kwani mwaka 2018 ilitangazwa kwamba huko Papua New Guinea bakteria wake walikuwa wamepata usugu dhidi ya azithromaisini, kidonge kilichokuwa kimepangwa kukamilisha kazi iliyoachwa na penisilini.

Migodi ya kikoloni nayo ilikuwa na donda lake. Wajerumani waliitambua dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19, na mgodi mkubwa ulifanya kazi huko kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, wakati upande wa Shinyanga mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Katika migodi na mashamba makubwa ya Afrika Mashariki kidonda cha tropiki kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowatoa vibarua kazini mara kwa mara. Donda hilo huanza kwa mkwaruzo mdogo chini ya goti, likavimba kama lengelenge, likapasuka na kuchimba kwa haraka, huku likiwa na mchanganyiko wa bakteria wasiopenda hewa, ambao mmoja wao, aliyepewa jina la Fusobacterium ulcerans, alitambuliwa na wataalamu katika miaka ya 1980. Lilimshika zaidi mtu mwenye njaa, asiye na viatu na asiye na maji ya kunawia miguu, na ndiyo maana penisilini peke yake haikulimaliza, bali lilipungua pale chakula, viatu na sabuni vilipoongezeka pamoja na dawa.

Kolandoto na funzo la ukoma

Karibu na mji wa Shinyanga, wamisionari wa Africa Inland Mission walianzisha hospitali ya Kolandoto mapema katika karne ya 20, na pamoja nayo makazi ya wagonjwa wa ukoma. Ukoma unastahili nafasi ya pekee katika historia hii, kwa kuwa ndani yake maana zote tatu za sugu zinakutana. Bakteria wake hushambulia mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi, na mtu asiyehisi hutembea juu ya jiwe au moto bila kujua, hata unyayo ukatoboka na kuwa donda la miaka mingi. Kwa muda mrefu watu, na hata waganga, waliamini kwamba ni ukoma wenyewe unaoozesha nyama, mpaka daktari Paul Brand, akifanya kazi Vellore nchini India katika miaka ya 1940 na 1950, alipoonesha kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma ina uwezo wa kupona kama ya mtu mwingine, mradi tu mguu upumzishwe na kukingwa usiumie tena. Tiba ya donda hilo ikawa plasta ngumu ya kuuzuia unyayo usibebe uzito, macho ya kuukagua kila jioni, na kiatu. Katika nchi za Afrika Mashariki kiatu hicho mara nyingi kilikuwa kandambili ya mpira wa gari, ndugu wa katambuga ambazo wachunga ng'ombe wa Usukuma wanazivaa hadi leo.

Dawa ya bakteria wa ukoma, dapsoni, ilienea duniani mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, na kwa mara ya kwanza mgonjwa aliweza kutibiwa kwa vidonge vya bei nafuu. Dapsoni ilitolewa peke yake, kwa miaka mingi, kwa watu ambao wengi wao walikosa kumeza sawasawa, na mwaka 1964 ushahidi wa kwanza wa bakteria wa ukoma waliokuwa sugu kwake ulitolewa na watafiti waliofanya kazi Malaya. Jibu la dunia lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani liliposhauri dawa mchanganyiko, yaani dapsoni, rifampisini na klofazimini kwa pamoja, ili bakteria aliyejifunza kuikwepa moja auawe na nyingine. Tanzania ilikuwa tayari na chombo cha kufanyia kazi hiyo, kwa kuwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977 na daktari Karel Styblo akausaidia kujenga utaratibu wa kumfuatilia kila mgonjwa mpaka amalize dawa, utaratibu ambao baadaye uliigwa duniani kote. Ukanda wa Shinyanga nao ulipewa funzo hilo: dawa moja ikitumiwa ovyo hupotea, dawa zikiunganishwa na kusimamiwa hudumu, na donda la mguu hupona kwa kukingwa hata baada ya bakteria kufa.

Dhahabu, mialo na maduka ya dawa

Funzo hilo halikuvuka kwenda katika vidonda vingine, na sababu zake ni za kiuchumi kuliko za kitabibu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilijenga zahanati nyingi vijijini, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza usafi, na tangu mwaka 1983 zahanati zilipelekewa makasha ya dawa muhimu kwa msaada wa Denmark na UNICEF. Hata hivyo, uchumi ulikuwa umekwisha kudhoofika. Mwaka 1991 tiba binafsi, iliyokuwa imepigwa marufuku mwaka 1977, iliruhusiwa upya, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Katika miaka hiyohiyo wachimbaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza dhahabu kwa njia halali, Benki Kuu ikaanza kuinunua, na watu wakamiminika Geita na Kahama, kwenye sehemu kama Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Kakola. Makazi yaliota haraka kuliko visima, vyoo na zahanati, na huduma ya tiba iliyoweza kwenda kwa mwendo wa dhahabu ilikuwa moja tu, nayo ni duka la dawa baridi.

Ili kuelewa kwa nini kidonda hakiponi katika makazi hayo, inafaa kuutazama mwalo, mahali pa kuchenjulia dhahabu, kwa karibu. Mawe yaliyotoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hupondwa kwa nyundo, mara nyingi na wanawake waliokaa chini miguu imenyooshwa, na vipande vyenye ncha huruka na kuchana muundi. Unga wa mawe kutoka kwenye karasha, mashine ya kusagia, humwagiwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, na mchenjuaji husimama kwa saa nyingi katika tope lililotumiwa na wengine kabla yake. Mwishowe mchanga mzito hukorogwa na zebaki ndani ya karai kwa mikono mitupu, na mchanganyiko hukamuliwa ndani ya kitambaa hadi kibaki kidonge cha rangi ya fedha kinachochomwa ili dhahabu ibaki. Mguu uliochanika asubuhi hulowa mpaka jioni, na mchimbaji wa duara, anayelipwa kwa mgawo wa mawe badala ya mshahara, haoni namna ya kuondoka kwenda kufunga jeraha wakati mwamba umeanza kutoa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika machimbo mtu huficha kidonda kwa kuogopa kuukosa mgao.

Zebaki yenyewe ina uhusiano na usugu ambao wataalamu wa bakteria wameujua kwa miongo mingi. Bakteria wengi wana jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli, zinazowawezesha kuigeuza zebaki kuwa mvuke na kuitoa nje, na jeni hizo mara nyingi husafiri katika furushi moja na jeni za kukataa antibayotiki. Furushi lililochunguzwa zaidi linaitwa Tn21, na lina uwezo wa kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Maana yake ni kwamba mahali palipochafuliwa kwa zebaki, bakteria mwenye furushi hilo hustawi hata kama hakuna aliyemeza dawa, na anapoingia kidondani anakuwa amekwisha kujiandaa. Rwamagasa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa katika mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO kati ya mwaka 2002 na 2007, na mjadala wa zebaki ambao kwa kawaida huhusu mishipa ya fahamu na figo unapaswa kulihusu pia donda la mguu.

Katika duka la dawa baridi mtu mwenye kidonda alipata alichoweza kulipia: vidonge vitatu au vinne vya rangi mbili, vya antibayotiki kama amoksilini, badala ya dozi nzima. Wengine walivipasua na kunyunyizia unga wake juu ya donda, desturi iliyoenea sehemu nyingi za Afrika na inayoeleweka, kwa kuwa inafanana na kazi ya unga wa mizizi wa mababu na unga wa salfa uliotumika kwa majeraha ya vita. Ubaya wake ni kwamba dawa haifiki mahali panapostahili. Ndani ya kidonda cha siku nyingi bakteria hawaelei mmoja mmoja, bali hushikamana na kujifunika kwa utando wa ute walioutengeneza wenyewe, mfano wa ule utelezi unaojijenga ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Kila mwanamke wa kijijini anajua kwamba utelezi huo hauondoki kwa kumimina maji safi juu yake, mpaka mtungi usuguliwe, na utando wa bakteria una tabia hiyohiyo, kwani dawa huwaua wa juu, ikawafikia wa chini ikiwa imepungua nguvu, na hao wa chini ndio wanaobaki na kuzaliana wakiwa na uzoefu wa dawa hiyo. Hatari ya dozi pungufu ilitajwa na Alexander Fleming mwenyewe, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945.

Dawa hizohizo zilikuwa pia kwenye zizi. Oksitetrasaiklini, antibayotiki iliyoingia sokoni mwaka 1950, ni dawa ambayo wafugaji wengi wa Tanzania huwachoma ng'ombe wao wenyewe bila kusubiri mganga wa mifugo, na kwa mfugaji wa Kisukuma ambaye ng'ombe ni benki yake na mahari ya wanawe, uamuzi huo una mantiki. Bakteria, hata hivyo, hawatambui mpaka kati ya zizi na nyumba, na usugu uliozaliwa katika samadi unaweza kufika katika mguu wa mtoto anayelichunga kundi. Serikali ilichukua hatua dhidi ya uuzaji holela wa dawa mwaka 2003, ilipoanzisha mkoani Ruvuma maduka ya dawa muhimu yenye wauzaji waliofunzwa na orodha maalumu ya dawa, mpango uliosambazwa baadaye mikoa mingine.

Ushahidi wa maabara

Kwa sehemu kubwa ya historia hii hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuona kinachotokea ndani ya donda. Uwezo huo ulikuja Kanda ya Ziwa kupitia Hospitali ya Bugando ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, na chuo kikuu cha tiba kilichoanzishwa hapo mwaka 2003. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Pamba iliyochovywa kidondani hupakwa juu ya sahani yenye chakula cha bakteria, kilichoganda kama uji uliopoa. Bakteria waliopatikana hutandazwa juu ya sahani nyingine, na vidude vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake, hupangwa juu yao. Asubuhi ya pili sahani imefunikwa na utando wa bakteria, ila palipo na dawa inayofanya kazi kuna duara tupu linalopimwa kwa milimita. Panapokosekana duara, dawa hiyo haina faida kwa mgonjwa yule.

Utafiti wa Bugando uliochapishwa mwaka 2009, ulioongozwa na Stephen Mshana, ulionesha kwamba asilimia 29 ya bakteria wa kundi la gramu hasi waliochunguzwa walikuwa wakitoa vimeng'enya vinavyovunja dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini, ikiwemo seftriaksoni ambayo ni tegemeo la wodi nyingi za Tanzania, na kwa bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae kiwango kilifika asilimia 64. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 uliwafuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa hospitalini hapo na kukuta kwamba asilimia 26 yao vidonda vyao viliambukizwa, huku Staphylococcus aureus akiongoza. Vidonda hivyo vilikuwa vya upasuaji, lakini bakteria waliotajwa ni walewale wanaokaa katika donda ndugu, wakiandamana na Pseudomonas aeruginosa, anayetambulika kwa usaha wa kijani na harufu yake ya utamutamu. Huyo wa mwisho ni sugu kwa amoksilini kwa maumbile yake, na kwa hiyo kidonge cha rangi mbili kilichomwagwa juu ya donda la kijani hakikuwa na kazi yoyote tangu mwanzo, wakati maji ya siki iliyozimuliwa, dawa ya bei ndogo kabisa, yana uwezo wa kumpunguza yakitumika katika kufunga kidonda. Hospitali hiyohiyo ilichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 56 ambao makovu na vidonda vyao vya miaka mingi, vingi vikitokana na moto, viligeuka kuwa saratani ya ngozi, na huo ndio mwisho mchungu zaidi wa donda lililokosa mtu wa kulitazama.

Tanzania imeuitikia ushahidi huo kwa mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaojulikana kwa kifupi kama UVIDA, wa mwaka 2017 hadi 2022, na wa pili wa mwaka 2023 hadi 2028. Mipango hiyo inaunganisha tiba ya binadamu, mifugo na mazingira, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa makadirio ya kimataifa yanaonesha kwamba mwaka 2019 pekee bakteria sugu walikuwa chanzo cha moja kwa moja cha vifo milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ilibeba mzigo mzito zaidi kwa idadi ya watu wake.

Karne moja baada ya dresa wa kwanza kupewa sanduku lake, mpangilio wa mambo katika ukanda wa dhahabu umepinduka. Dresa alikuwa na mikono, maji na ratiba, akakosa dawa. Mchimbaji wa leo ana dawa za kila rangi hatua chache kutoka kwenye mwalo, akakosa mtu wa kumwosha na kumkagua. Buba, kidonda cha tropiki na ukoma vyote vilitoa fundisho lilelile kwa njia tofauti, na hakuna hata kimoja kilichoonesha kwamba antibayotiki inaweza kuchukua nafasi ya uangalizi. Kwa hiyo wajibu unazihusu halmashauri za Geita, Msalala, Kahama, Bukombe na Shinyanga, pamoja na migodi mikubwa na wamiliki wa maduara wanaopata faida kutokana na miguu ya watu: kila machimbo yawe na chumba cha kufungia vidonda chenye maji safi, mhudumu anayelipwa kwa kazi hiyo, viatu vya mpira kwa wachenjuaji, na njia ya kupeleka sampuli maabara kabla dawa nzito haijatolewa. Kazi ya kufunga vidonda ilidharauliwa kwa sababu ni ya chini na inarudiwa kila siku, lakini ndiyo kazi iliyozipa dawa zote zilizotajwa hapa nafasi ya kuponya, na bila kuirudisha, bakteria watakuwa sugu kwa dawa itakayofuata kabla haijafika Rwamagasa.